Sikio la Kazi: Historia ya Hedifoni ya Dijei na Maana ya Kudumu

Kijana atakaye kuanza kazi ya udijei hufika dukani na swali moja: hedifoni ipi inadumu? Muuzaji humjibu kwa jina la kampuni. Rafiki yake humjibu kwa jina la kampuni nyingine. Na mtu wa tatu humwonyesha bei. Majibu yote matatu yaweza kuwa na ukweli, lakini hakuna hata moja linaloligusa neno lenyewe aliloliuliza. Kudumu ni nini? Je, kitu hudumu kwa kuwa ni kigumu kuvunjika, au hudumu kwa kuwa kikivunjika chaweza kutengenezwa? Insha hii yakusudia kulitafuta jibu katika historia, maana hedifoni ni chombo chenye umri wa zaidi ya miaka mia moja, nacho kimepita katika mikono mingi kabla ya kufika kichwani mwa dijei.

Yafaa kwanza maneno yaeleweke. Hedifoni ni jozi ya vipaza sauti vidogo vilivyoungwa kwa tao lipitalo juu ya kichwa, navyo humsikizisha mvaaji peke yake. Dijei ni mtu achaguaye nyimbo zilizorekodiwa na kuziunganisha mbele ya watu wanaocheza, hata wimbo mmoja ukiwa haujaisha mwingine umekwisha kuingia, na miguu ya wachezaji haikusimama. Kazi hiyo ina siri moja: dijei hana budi kuusikia wimbo ujao kabla ya watu wote. Hedifoni ndiyo mlango wa siri hiyo. Ikiharibika katikati ya usiku, dijei ni sawa na nahodha aliyepotelewa na dira; chombo chaweza kuendelea kwenda, lakini hakuna ajuaye kiendako.

Huenda msomaji akauliza kama jambo hili lastahili kurasa za wasomi. Jibu letu ni kwamba historia ya chombo cha kazi ni historia ya watu wakitumiao. Jembe limeandikiwa, jahazi limeandikiwa, na ngoma imeandikiwa. Sioni sababu ya kukinyima heshima hiyo chombo ambacho vijana wetu wengi wanakitumia kupata riziki katika kumbi za harusi za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi.

Asili ya hedifoni si starehe, bali ni kazi. Alexander Graham Bell alipata hati ya uvumbuzi wa simu katika mwaka wa 1876, na haikupita miaka mingi miji mikubwa ya Marekani na Ulaya ikawa na vituo vya kuunganishia simu. Mtumishi wa kituo alihitaji mikono yake miwili ili kuhamisha plagi kutoka tundu hata tundu. Kwa hiyo kipokezi cha simu, ambacho watu wengine walikishika mkononi, hakikumfaa. Katika miaka ya 1880 Mmarekani Ezra Gilliland alibuni chombo cha kuvaliwa begani, chenye kipokezi cha sikio moja na kinywa cha kusemea. Kilikuwa na uzito wa ratili kadhaa, na mtu aliyekivaa kutwa hakukosa kuchoka. Hapa twapata jambo la kwanza la kukumbuka: chombo hiki kilizaliwa kwa ajili ya mtu ambaye mikono yake ina shughuli, na ambaye sikio lake moja tu ndilo lililotakiwa na kazi. Karibu miaka tisini baadaye dijei alikuja kusimama katika hali iyo hiyo.

Katika mwaka wa 1891 mhandisi wa Kifaransa aitwaye Ernest Mercadier alipata hati ya Marekani kwa vipokezi viwili vidogo vya kuingizwa masikioni. Alivivisha mpira kwa sababu mbili: visiliumize sikio, na vizuie makelele ya nje yasiingie. Sababu hii ya pili tuitie alama, kwa kuwa tutairudia. Mercadier alifahamu mapema kwamba kusikia vizuri si jambo la kuongeza sauti tu. Ni jambo la kuzuia sauti nyingine pia.

Wakati huo huo njia ya pili ilikuwa imefunguliwa, nayo ni njia ya starehe. Katika maonyesho ya umeme ya Paris ya mwaka wa 1881, Clément Ader aliwasikizisha watu nyimbo za opera kwa waya za simu kutoka jukwaani, kila msikilizaji akiwa na vipokezi viwili, kimoja kwa kila sikio. Katika mwaka wa 1895 London nayo ilipata huduma ya namna hiyo iliyoitwa Electrophone, ambayo watu wenye uwezo walilipia ili wasikilize michezo ya kuigiza na ibada za kanisani wakiwa majumbani mwao. Tangu hapo hedifoni imekuwa na matumizi mawili: kuna hedifoni ya mtu aliyeketi kitini, na kuna hedifoni ya mtu aliyesimama kazini. Kosa la wanunuzi wengi ni kuichukua ya kwanza na kuipeleka kwenye kazi ya pili.

Mtu aliyeipa hedifoni ya kazini umbo tunalolijua leo hakuwa na karakana kubwa wala cheo. Nathaniel Baldwin alizaliwa Utah, Marekani, katika mwaka wa 1878. Katika mwaka wa 1910 aliipelekea Idara ya Wanamaji ya nchi yake hedifoni alizozitengeneza mwenyewe, pamoja na barua iliyoandikwa kwa wino wa zambarau. Ofisa aliyeipokea angeweza kuitupa, kwa maana barua za wavumbuzi wasiojulikana zilikuwa nyingi. Hakuitupa, alizijaribu hedifoni zile, akaona zinasikika vizuri kuliko zile walizokuwa nazo. Wanamaji walipotaka kuagiza nyingi, Baldwin aliwajibu kwamba hawezi kupokea agizo la zaidi ya kumi kwa mara moja, kwa kuwa alizitengenezea jikoni kwake.

Katika hedifoni ya Baldwin mlikuwa na kipande cha chuma kilichosawazishwa kati ya nguzo za sumaku, kikaungwa kwa kijiti chembamba na kiwambo cha madini ya maika. Mkondo mdogo wa umeme kutoka kwenye redio ulikitikisa kile chuma, chuma kikakitikisa kiwambo, na mwendeshaji wa simu ya upepo akasikia ishara hafifu kutoka mbali baharini. Lakini wanamaji walilalamika juu ya jambo moja ambalo halikuhusu sauti: tao la kichwani halikuwa la raha. Baldwin akalibadili, akaweka fito mbili za waya zilizovikwa ngozi, ambazo mvaaji aliweza kuzirefusha na kuzifupisha. Aliambiwa achukue hati ya uvumbuzi kwa tao hilo, akakataa akisema ni jambo dogo mno. Vita Vikuu vya Kwanza vilimletea maagizo mengi, lakini kampuni yake ilifilisika katika mwaka wa 1924, naye akafariki katika mwaka wa 1961 bila utajiri. Tao lake limebaki: ukitazama hedifoni nyingi za leo, utakuta bado ni fito ya chuma iliyovikwa kitu laini, yenye kurefushwa na kufupishwa.

Habari ya Baldwin yatufunza mambo mawili. La kwanza, waliochagua chombo kizuri hawakukichagua kwa jina, maana hakikuwa na jina. Walikichagua kwa kukijaribu. La pili, kilichowashughulisha wavaaji baada ya sauti kilikuwa tao, yaani ile sehemu inayokunjwa, inayovutwa na kuangushwa kila siku. Tangu mwaka wa 1910 hata leo, hedifoni inapokufa mapema, aghalabu kifo chake hakianzii katika sauti. Huanzia katika tao, bawaba au waya.

Hatua kubwa iliyofuata ilitoka Ujerumani. Eugen Beyer alianzisha karakana yake Berlin katika mwaka wa 1924, na katika mwaka wa 1937 akaitoa hedifoni aliyoiita DT 48. Hii haikutumia chuma chenye kutikiswa. Ilitumia koili ndogo ya waya iliyogandishwa kwenye kiwambo na kuwekwa ndani ya nguvu ya sumaku. Umeme ukipita katika koili, koili na kiwambo huenda na kurudi pamoja. Hedifoni nyingi za leo zafuata kanuni hiyo hiyo. Lakini lenye ajabu zaidi ni umri wa DT 48 yenyewe: iliendelea kuuzwa, pamoja na mabadiliko ya hapa na pale, hata mwaka wa 2012, zaidi ya miaka 70. Ilitumiwa na watu wa redio na wa kurekodi sauti, na pia na waganga waliopima usikivu wa wagonjwa, kwa sababu sauti yake iliaminika. Tutairudia habari ya waganga hao mwishoni.

Starehe nayo haikulala. Katika mwaka wa 1958 John Koss wa Milwaukee, Marekani, alionyesha hedifoni ya kusikilizia santuri za stirio, na watu wakaipenda kuliko gramafoni aliyokuja kuiuza pamoja nayo. Katika mwaka wa 1968 kampuni ya Kijerumani ya Sennheiser ikatoa HD 414, hedifoni nyepesi yenye vikombe vilivyo wazi na mito ya sponji ya manjano. Sauti yake ilipita huku na huku kama upepo dirishani, na msikilizaji aliyeketi sebuleni hakuhisi kama amefungwa kichwa. Mamilioni ya hedifoni hizo yaliuzwa. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini kwa dijei dirisha lililo wazi ni hasara, kwa kuwa kelele za ukumbi huingia kwa njia ile ile inayopitisha raha.

Basi tufike kwa dijei mwenyewe. Kuelekea mwaka wa 1970, katika mtaa wa West 43rd Street mjini New York, palikuwa na klabu iliyoitwa Sanctuary, katika jengo lililokuwa kanisa la Wabatisti wa Kijerumani. Humo alifanya kazi Francis Grasso, kijana wa Brooklyn. Kabla yake wengi waliopiga santuri walisubiri wimbo uishe ndipo waanze mwingine. Grasso aliusikiliza wimbo wa pili katika hedifoni huku wa kwanza ukiendelea ukumbini. Aliishika santuri kwa vidole, sahani ikizunguka chini yake, akaiachia katika pigo lilelile alilolitaka. Mapigo ya nyimbo mbili yakaenda pamoja kama makasia ya mashua moja. Wachezaji hawakujua wimbo ulikatika wapi.

Ufundi huo ulihitaji mashine ya kuchanganyia sauti yenye njia ya faragha ya kusikiliza. Alex Rosner, mhandisi wa New York aliyenusurika katika makambi ya Wanazi akiwa mtoto, alitengeneza mashine ya namna hiyo kwa ajili ya klabu iliyoitwa Haven. Na katika mwaka wa 1971 kampuni ya Rudy Bozak ikaanza kuuza mashine ya kuchanganyia sauti iliyowafaa watu wa klabu. Upande wa Bronx kijana Joseph Saddler, aliyezaliwa Barbados katika mwaka wa 1958 na ajulikanaye kwa jina la Grandmaster Flash, hakuwa na fedha ya kununua mashine kama hizo. Alikuwa amesoma ufundi wa umeme shuleni. Akatia swichi ndogo katika mashine yake, iliyomwezesha kuisikia santuri hii au ile katika hedifoni kabla ya kuifungulia umati. Kwa swichi hiyo na hedifoni alikirudia tena na tena kipande kifupi cha ngoma, bila kukosea pigo. Muziki wa hip hop una deni kwa fundi huyo wa swichi kama ulivyo na deni kwa washairi wake.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, ili tujue inaidai nini hedifoni. Dijei huvaa kikombe kimoja na kukiacha kingine, kwa kuwa sikio moja ni la ukumbi na moja ni la wimbo ujao. Wengine hukibana kikombe kati ya sikio na bega. Kila baada ya dakika tatu au nne hedifoni huvaliwa, huvuliwa, hugeuzwa, huning'inizwa shingoni, na mara nyingine huanguka. Kwa usiku mmoja wa saa sita jambo hilo laweza kutokea mara mia. Tao hufunguliwa kupita kiasi, bawaba hupindishwa, waya hukanyagwa na kuvutwa penye plagi, mito hunywa jasho hata ngozi yake ikabanduka, na koili, dijei akiongeza sauti kupita kadiri, huungua. Aketiye sebuleni hafanyi hata sehemu ndogo ya hayo kwa mwezi mzima. Ndiyo maana hedifoni iliyomdumu mmoja miaka kumi yaweza kumfia mwingine kwa msimu mmoja wa harusi, na wala hakuna aliyedanganywa.

Jambo la kushangaza ni kwamba hedifoni zilizopata sifa ya kudumu kwa madijei nyingi hazikubuniwa kwa ajili yao. Kampuni ya Sony ilitoa MDR-V6 katika mwaka wa 1985 na MDR-7506 katika mwaka wa 1991 kwa ajili ya watu wa kurekodi na kupima sauti. Sennheiser ilitoa HD 25 katika mwaka wa 1988, nayo ikawa chombo cha watangazaji na wapiga picha za sinema na televisheni. Madijei waliviona vyombo hivyo vikivumilia kazi za watu wengine, wakavichukua. Kwa mara nyingine ni kisa cha Baldwin: jaribio lilitangulia jina.

HD 25 inafaa kutazamwa kwa karibu, maana ndani yake jibu la swali letu laonekana kwa macho. Si nzito, bila waya ina uzito wa gramu 140 hivi. Si ya chuma kitupu. Sehemu kubwa ni plastiki. Mtu aishikaye kwa mara ya kwanza aweza kuidharau. Lakini kikombe kimoja huzungushwa kikatoka sikioni bila kulipinda tao. Tao limegawanyika mara mbili likakishika kichwa hata mtu anapoinama. Na zaidi ya yote, waya huchomolewa kwenye kikombe kwa mkono, mito hutolewa, tao hubadilishwa, na hata kipaza sauti chenyewe chaweza kununuliwa peke yake. Hakuna haja ya kutia risasi ya moto. MDR-7506 waya wake haung'oki hivyo, lakini fundi mwenye bisibisi na chuma cha kulehemu huufikia bila shida, na mito yake hupatikana. Mashine ya santuri ya Technics SL-1200, iliyotoka katika mwaka wa 1972 na kuboreshwa katika mwaka wa 1979, yashuhudia vivyo hivyo. Ilikoma kutengenezwa mwaka wa 2010 na kurudi mwaka wa 2016, lakini mashine za zamani ziliendelea kufanya kazi katika miaka yote ya katikati, kwa kuwa mafundi walijua kuzifungua na kuzifunga.

Kwa hiyo twathubutu kusema: kudumu si kutovunjika. Hakuna chombo cha kazi kisichovunjika. Kudumu ni kuvunjika mahali panapojulikana, kwa gharama ndogo, na kurudi kazini kesho yake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huzibwa tu kwenye ukuta ambao mwashi aweza kuufikia. Hedifoni iliyogandishwa kwa gundi pande zote ni ukuta usiozibika. Waya wa bei ndogo ukikatika ndani yake, chombo kizima kimekwisha.

Pana hoja mbili za upinzani, nazo zastahili kusikilizwa. Ya kwanza yasema kwamba viungo vingi ni udhaifu mwingi, na kwamba hedifoni ya kipande kimoja isiyo na bawaba haina cha kuvunjika. Hoja hii ina kweli ndani yake. Bawaba isiyo na kazi ni mlango wa hasara, na mtu asiyehitaji kuikunja hedifoni yake heri aichukue isiyokunjwa. Lakini waya na mito haviepukiki, navyo ndivyo vichakaavyo kwanza. Hivyo hata hedifoni isiyo na bawaba huhukumiwa kwa waya wake na mito yake. Hoja ya pili ni ya umaskini: kijana ana fedha kidogo, basi anunue ya rahisi na akiiua anunue nyingine. Siwezi kumlaumu. Lakini tuchukue mfano. Ikiwa hedifoni ya rahisi ni robo ya bei ya hedifoni njema, na inakufa kila baada ya miezi sita, katika miaka miwili atakuwa ameilipa bei nzima ya ile njema bila kuwa nayo. Tena hatukuhesabu harusi aliyoiharibu siku ile ilipomfia, wala mteja asiyemwita tena.

Sasa twaweza kumrudia kijana wetu aliyesimama dukani, awe Kariakoo au katika barabara ya Luthuli mjini Nairobi. Asiulize kwanza jina. Aulize kama waya wachomoka, na kama waya mwingine wapatikana katika mji huo huo. Aulize kama mito yauzwa peke yake. Alifungue tao polepole kwa mikono miwili asikilize kama lalia. Akigeuze kikombe atazame bawaba ni ya chuma au ni ya plastiki, na kama imeshikwa kwa skrubu au kwa gundi. Avae, ainame, atikise kichwa. Atazame kama vikombe vimefungwa nyuma na kulizunguka au kulikalia sikio barabara. Asikilize wimbo anaoujua, aone kama ngoma ya chini na kengele ya juu zasikika wazi kwa sauti ndogo. Kisha aende kwa fundi wa redio amwaminiye, amwonyeshe chombo, amwulize: hiki wakiweza? Neno la fundi huyo lina uzito kuliko tangazo lolote. Wala asisahau kwamba majina makubwa huigwa. Hedifoni bandia hubeba jina lilelile bila kubeba vipuri vilevile, na kipuri halisi kikikataa kuingia mahali pake, bandia imejishuhudia.

Lakini historia hii haiwezi kufungwa bila kukitaja chombo kingine ambacho hedifoni imewekwa kukitumikia. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, imeweka kiwango cha desibeli 85 kuwa mpaka kwa kazi ya saa nane kwa siku, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Msomaji aweza kuhesabu mwenyewe: kwa desibeli 88 ni saa nne, kwa 91 ni saa mbili, kwa 94 ni saa moja, kwa 97 ni nusu saa, na kwa desibeli 100 ni dakika kumi na tano tu. Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake za mwaka wa 2022 kwa kumbi za burudani, limependekeza wastani usizidi desibeli 100. Basi dijei aliyesimama karibu na spika za ukumbi kwa saa sita yu katika hatari hata kabla ya kuvaa hedifoni. Ikiwa hedifoni yake haizuii kelele za nje, ataongeza sauti ili aishinde sauti. Na sauti ya hedifoni haina umbali wa kuipunguza, kwa kuwa iko mlangoni mwa sikio.

Hapa ndipo ule mpira wa Mercadier wa mwaka wa 1891 unapotuletea maana yake kamili. Kikombe kilichofungwa barabara na mto usiochakaa si pambo, wala si raha tu, ni kinga. Mto uliopasuka hupitisha kelele, kelele humlazimisha dijei kuongeza sauti, na sauti huiunguza koili. Lakini kabla ya kuiunguza koili imekwisha kuziumiza nywele ndogo zilizo ndani ya sikio, ambazo kwa mwanadamu zikifa hazioti tena. Anayeahirisha kununua mito mipya kwa kuona kwamba hedifoni bado inasikika, anaokoa fedha kidogo na kulipa kwa mali isiyouzwa.

Nimesema kwamba DT 48 ilitumiwa pia na waganga wa kupima usikivu. Chombo kile kile kilichomsaidia mtu wa redio kusikia sauti njema kilimwambia mtu mwingine, katika chumba kilichonyamaza, ni sauti ngapi hatazisikia tena. Dijei na mgonjwa walivaa tao la aina moja. Lililowatenganisha ni muda, na kadiri ya sauti.

Basi jibu la swali la kijana wetu ni hili. Achague hedifoni ambayo kila sehemu yake yaweza kubadilishwa, kwa ajili ya sikio ambalo hakuna sehemu yake hata moja iwezayo kubadilishwa. Waya utanunuliwa, mito itanunuliwa, tao litanunuliwa, hata koili itanunuliwa. Fundi wa Kariakoo atavitia vyote mahali pake kabla ya jioni. Sikio halina fundi wa namna hiyo.